Mkono Ulio Kwenye Bango

Tarehe 4 Juni

Dada,

Eti unaniuliza kwa nini nilikuwa napiga kelele kwenye simu! Nisipige kwa nini? Na tena ulinikatia. Ukasema, "Mdogo wangu, kwenye simu hunipi nafasi hata ya kukohoa, kama una neno niandikie." Haya, nimekuandikia. Mimi huyu wa darasa la nne, niliyeacha shule mwalimu akashukuru. Barua nimeiweka ndani ya kiatu cha kushoto, usije ukavaa pamoja nayo ukasema nimekutumia raba mbovu.

Ni hivi. Jana asubuhi nimekaa mezani kwangu sokoni, nasokota magazeti ya zamani nayashindilia ndani ya raba za mtumba ili zisimame zionekane zimetoka dukani. Mteja hanunui kiatu kilicholala. Nikashika ukurasa wa michezo, nataka kuusokota, naona: Bingwa! Bingwa wako mwenyewe, yule mkimbiaji asiyeona, anakata utepe, mdomo wazi, kifua mbele. Niliruka nikagonga kichwa kwenye bati. Nikawaita majirani wote wa meza. "Njooni muone! Dada yangu ndiye anayemwongoza huyu! Miaka mitatu wanakimbia wamefungana kamba mkononi!"

Wakasogea. Muuza soksi akatazama, akatazama tena, akaniuliza, "Sasa dada yako yuko wapi?"

Dada, hukuwepo.

Ulikuwepo mkono. Kuanzia kwenye kiwiko kuja huku. Kamba, ngumi, basi. Sehemu nyingine yote ya mtu wameikata. Nilijua ni wewe kwa lile kovu la pasi juu ya kifundo cha mkono, lile linalofanana na kisigino. Muuza soksi akasema, "Hongera, bwana, una dada kiwiko." Soko zima likaangua kicheko. Mpaka leo wananiita Kaka wa Kiwiko, na wateja wameanza kulidaka jina hilo.

Mtu anakimbia kilomita ishirini na moja, anaangalia mawe ya watu wawili, anapiga kona za watu wawili, anadaka chupa ya maji anywe yeye na amnyweshe mwenzake, halafu mwenye kamera anamkata kama ukucha! Anatupa kipande kizima cha dada yangu, anabakiza kile kinachoshika kamba! Hii si dharau? Kama si dharau, basi mimi sijui dharau, nirudishwe darasa la nne.

Jina lake limeandikwa chini ya picha. Nitamtafuta. Niambie kitu kimoja tu: alikuomba ruhusa?

Wako mwenye hasira,
Soli


Tarehe 9 Juni

Mdogo wangu Soli,

Raba nimezipata. Ya kulia inanibana kidole gumba, ya kushoto iko sawa, nadhani barua yako ndiyo iliyoitanua. Asante.

Hiyo picha achana nayo. Nakuandikia kwa herufi kubwa ili usiseme hukuona: ACHANA NAYO. Aliyepiga hana kosa. Aliyekatwa hajalalamika. Wewe unalia kwa kiwiko cha nani?

Kuonekana si kazi yangu. Mwongozaji mzuri ni yule ambaye mwenzake anakimbia mpaka anamsahau. Na hilo sikujifunzia uwanjani, nilijifunzia hapa hapa kiwandani kwetu kwa dobi. Miaka kumi na moja nakunja mashuka ya hospitali na hoteli. Shuka kubwa linakunjwa na watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, na mashine ya pasi inavyonguruma humsikii mwenzako hata akiimba. Unamsikia kwenye kitambaa. Akichoka, shuka linakwambia. Akiwa amegombana na mumewe, shuka linakwambia kabla hajavua kilemba. Siku ya kwanza nilipofungana kamba na Bingwa aliniuliza, "Wewe zamani uliongoza nani?" Nikamwambia, "Mashuka." Alicheka mpaka akakaa chini. Hata kamba yenyewe ni pindo la shuka lililochakaa, nililiokota kwenye pipa la matambara. Kamba za dukani zinamchubua.

Kwa hiyo tulia. Watu wamefurahi. Hata hapa kiwandani meneja ameipandisha picha hiyo hiyo, bango refu kuliko geti, wameandika WATU WANAOTUTIA MOYO. Kila asubuhi napita chini yake naingia kazini, nauona mkono wangu, nacheka kimoyomoyo. Inanitosha.

Tafadhali usifanye kitu. Kuna mambo ambayo kukwambia wewe ni sawa na kukiambia kipaza sauti. Tutaongea ukija.

Dada yako


Tarehe 14 Juni, asubuhi sana, getini kwenu

Dada!

Usishtuke, ni mimi, na barua iko ndani ya kiatu kama kawaida, ila leo kiatu nimemwachia mlinzi wa geti lenu. Basi langu linageuza saa moja na nyie mnaingia saa mbili, la sivyo ningekaa nione uso wako.

Uliposema kiwanda chenu nacho kimepandisha ile picha, nilisoma mara tatu, nikakaa chini. Yaani kumbe si gazeti peke yake! Watu unaowapigia pasi miaka kumi na moja! Unapita chini ya mkono wako mwenyewe kwenda kupiga kazi, na mkono hauna mtu! "Inanitosha," eti. Wewe ndivyo ulivyo. Hata kwenye msiba wa baba uliwapa watu viti vyote ukasimama. Nikasema, safari hii atakaa, hata kama ni kwa nguvu.

Nikampata mpiga picha. Nilimpa raba pea moja, namba arobaini na moja, nzuri kabisa, akanitolea picha nzima. Alianza kusema kitu, "Lakini huyo dada mwenyewe ali...", mimi nikawa tayari naongea, unanijua. Nikaenda kwa fundi anayechapa mabango ya uchaguzi. Turubai lako lina mgombea upande wa nyuma, yule aliyeshindwa, lakini amegeukia ukutani, hakusumbui.

Sasa toka nje utazame! Nimelitundika sambamba na la kwao. Uko mzima, Dada, na miguu yako, na meno yako yote. Nusu hatua nyuma ya Bingwa, unamtazama yeye, hata utepe huutazami. Nilipokuona nilisahau hata kubishania bei. Fundi akashangaa, akadhani naumwa. Na chini nimeandika kwa mkono wangu, rangi nyekundu:

MKONO HUU UNA MWENYEWE. NI DADA YANGU. ANAPIGA PASI HUMU NDANI.

Leo wakupigie makofi mpaka mashuka yakunjike yenyewe!

Soli, Kaka wa Dada Mzima


Tarehe 15 Juni

Soli,

Kaa chini. Usisome ukiwa umesimama, na usimsomee mtu.

Ndiyo, walinipigia makofi. Nilifika na wenzangu wa zamu, mlinzi akanipigia saluti, wasichana wa chumba cha mashine wakaninyanyua juu. Nikaona uso wangu ukubwa wa mlango, na maneno yako mekundu. Nikawaambia, "Nishusheni, nishusheni haraka." Hawakusikia. Nilipotua, msimamizi wetu alikuwa amesimama pale mbele anasoma. Alisoma mara mbili. Akatazama tarehe ya mbio kwenye fulana ya Bingwa. Halafu akanitazama mgongo.

Mgongo, Soli. Kwa sababu siku zile tatu za safari ya mbio mimi kwenye daftari la kazi nilikuwa naumwa mgongo. Nimelala chali siwezi kugeuka.

Niliomba ruhusa. Niliomba mara tatu, kwa maandishi. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili nilijibiwa kwa mdomo, "Kukimbia si dharura." Ya tatu waliirudisha ikiwa na duara la kikombe cha chai. Na Bingwa alikuwa amefanya mazoezi mwaka mzima, na huwezi kumfungia asiyeona mtu mpya kamba siku mbili kabla ya mbio. Kwa hiyo nikaumwa mgongo. Sijawahi kudanganya kazini kabla ya hapo.

Mwenye kamera nilimwomba mimi. Nilimshika shati pale pale kwenye utepe nikamwambia, "Kaka yangu, nakusihi, mimi nisionekane." Alinihurumia, akanikata. Ulikuwa unamtafuta mtu aliyenisitiri.

Ungeniuliza! Hapana, uliniuliza. Mimi ndiye sikukwambia, kwa sababu kila ninachokwambia kinauzwa sokoni pamoja na raba. Sasa niseme nini? Nikukasirikie wewe, nijikasirikie mimi?

Meneja ameniita. Nimesimamishwa, nisubiri barua. Miaka kumi na moja, sijachoma hata shuka moja, mkono wangu ndio niliouchoma. Sijui kazi nyingine. Nyumba hii na mwanangu vinasimama kwa kazi hiyo, unalijua hilo.

Bango lako wameamriwa kulishusha. Wenzangu wameshusha, wamelikunja pindo kwa pindo kama shuka, wameficha. La kwao lipo.

Usije. Usipige simu. Usifanye kitu.

Dada yako


Tarehe 18 Juni

Dada,

Nimeandika barua hii mara nne. Zile tatu zilikuwa na utani ndani, nikazichana.

Nimekukosea. Mdomo wangu umekula kazi yako. Leo muuza soksi ameniuliza, "Vipi, Kiwiko, umekuwa bubu?" nikamuuzia soksi zake mwenyewe bila kujua, naye akanunua. Ndivyo nilivyo.

Lakini nikae kimya kwa lipi? Nimekaa kimya siku tatu, na katika kukaa kimya nimefikiri, na mimi nikifikiri inaniuma kama kiatu kipya. Nimefikiri hivi: mimi nimekosa, sawa. Wewe umedanganya mgongo, sawa. Na wao? Ile barua ya tatu waliikalishia kikombe cha chai! Halafu wakapenda picha ya zile siku tatu walizokunyima, wakaipandisha getini wajisifu nayo! Wanatiwa moyo na kitu walichokikataza!

Hasira yangu ya kwanza ilikosea nyumba, Dada. Hii ya sasa imepata mlango wenyewe.

Sitafanya kitu. Umesema nisifanye, sifanyi. Nimemwandikia Bingwa tu, kumwomba radhi. Hilo si kitu, hilo ni adabu.

Mdogo wako,
Soli


Tarehe 22 Juni

Ndugu Soli,

Mimi ninasema, mama mdogo wangu anaandika. Akiongeza ya kwake nitajua, kwa sababu kalamu yake inakwaruza.

Umeniomba radhi. Ya nini? Mimi ndiye sikujua. Dada yako alikuja mbioni akaniambia, "Wamenipa ruhusa, twende." Miaka mitatu nasikia kila kitu kwenye ile kamba, akichoka, akifurahi, akiona mbwa. Siku ile nilisikia kitu kimekaza tangu mwanzo, nikadhani ni mbio. Kumbe ni hofu ya kazi. Alikimbia kilomita ishirini na moja na kiwanda kizima mgongoni, na kamba haikuniyumbisha hata kidogo.

Nikueleze jambo moja ambalo gazeti halikuandika. Penye kona ya mwisho kuna mtu alivuka na baiskeli. Mimi sikujua. Nilichosikia ni kamba kulegea, kidogo tu, kama mtu anavuta pumzi, na neno moja, "Kushoto." Nikaenda kushoto. Hatukupunguza mwendo. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba baiskeli ilimparamia yeye, goti likachanika, na hakuachia kamba wala hakunivuta. Kumvuta anayekimbia hakuruhusiwi, na kufika kwenye utepe mbele yake hakuruhusiwi. Kwa hiyo alifika nyuma yangu nusu hatua, goti linatoka damu, na watu wakaniambia mimi nimewatia moyo.

Hilo neno limenichosha. Kila mtu ananiambia natia moyo. Mtu alinishika juzi akanivusha barabara, akaniambia, "Unanitia moyo sana," akaenda zake. Mimi nilikuwa sivuki! Nilikuwa nasubiri duka lifunguliwe. Ikabidi nivuke kurudi.

Wanapenda kutiwa moyo kwa sababu hakuwadai kitu. Unatazama bango, unatikisa kichwa, unaingia kazini kumkatalia mtu ruhusa.

Meneja wa kiwanda alituma mtu hapa, nikahutubie wafanyakazi wake Jumamosi tarehe 29, pale uwanjani, siku yao ya michezo. Nilisema nitakuja. Sasa nimemtumia ujumbe kwamba miguu ninayo, lakini sina njia. Njia yangu wameisimamisha kazi.

Hiyo siku, Ndugu Soli, nitakuwepo uwanjani na kamba yangu mfukoni. Wewe una mdomo. Safari hii uliza kwanza, halafu utumie.

Bingwa

(Mimi mama mdogo naongeza: ulimi wako uwe mzuri. Ameshasikia kalamu, basi.)


Tarehe 24 Juni

YAH: KUACHISHWA KAZI

Mfanyakazi wa kitengo cha pasi,

Uongozi umejiridhisha kwamba ulitoa taarifa ya uongo ya ugonjwa wa mgongo kwa siku tatu.

Aidha, imebainika kwamba ulichukua kipande cha kitambaa, mali ya kiwanda, bila idhini, na kukitumia kwa shughuli binafsi. Ushahidi wa kitambaa hicho unaonekana wazi kwenye bango letu la getini.

Hivyo kuanzia leo wewe si mfanyakazi wa kiwanda hiki. Unatakiwa kurudisha sare mbili na kitambaa husika.

Kiwanda kitaendelea kuthamini watu wanaojituma.

Meneja


Tarehe 25 Juni

Soli,

Nakutumia barua ya meneja ndani ya kiatu cha kulia, kwa sababu cha kushoto ni cha mambo mazuri.

Nimeisoma, sikulia. Nilipofika pale pa kitambaa nilicheka peke yangu jikoni mpaka mwanangu akaja kuniangalia. Pindo la pipani, Soli! Nilijitoa kwenye picha, wao wakanirudisha kwenye picha niwe mwizi. Halafu kicheko kikaisha, kikaja kitu kingine, na kitu hicho hakijaondoka mpaka sasa naandika. Nimezipiga pasi zile sare zao mbili, nimezikunja.

Bingwa amekuja. Tumekaa. Ameniuliza unachoweza kufanya. Nikamwambia, "Anaweza kuongea." Akasema, "Basi mwache aongee."

Kwa hiyo fanya kitu.

Dada


Tarehe 26 Juni

Mheshimiwa Meneja,

Shikamoo. Ndani ya mfuko huu utakuta raba pea moja, namba arobaini na mbili, nimekisia. Barua unayoisoma ilikuwa kwenye kiatu cha kushoto. Usiogope, sisi familia yetu ndivyo tunavyoandikiana.

Mimi ndiye Soli, yule wa maneno mekundu. Nimeacha shule darasa la nne, kwa hiyo nikikosea heshima usinihesabie, nihesabie darasa. Lakini barua hii nimemsomea dada yangu kwanza, neno kwa neno. Ni mara ya kwanza kumuuliza kabla. Amenifutia sehemu mbili ambazo ungezipenda zaidi.

Kwanza tukubaliane palipo na ukweli. Dada alidanganya mgongo. Amekosa. Mgongo wake hauna neno, ni mgongo mzuri tu, na umebeba mengi kuliko mashuka yenu. Na mimi nilipanda kwenye ukuta wenu bila ruhusa. Nimekosa. Hapo tumemaliza makosa yetu. Sasa twende kwenu.

Barua zake tatu za kuomba ruhusa ziko wapi? Ya tatu anayo, ina duara la kikombe. Nimeipima, ni kikombe kikubwa. Mlimnyima siku tatu mkasema kukimbia si dharura. Sawa. Halafu mbio zikaisha vizuri, mkaona picha, mkaitaka. Mwili ulinyimwa ruhusa, mkono ukapewa kazi ya getini asubuhi, mchana na jioni, jua na mvua, tangu siku ile mpaka leo. Umemfukuza mtu mzima na mkono wake bado uko zamu! Mwenyewe haruhusiwi kupita getini, mkono unawakaribisha wageni! Meneja, mimi nauza viatu vya watu nisiowajua, vingine bado vina umbo la mguu wa mwenyewe ndani, na hata mimi nimeona haya.

Na kile kitambaa. Mnakidai. Mimi ningekuwa wewe ningenyamaza. Umeandika mwenyewe kwamba ushahidi uko kwenye bango lenu. Maana yake mlisimama mbele ya picha ya mkono uliomfikisha mwenzake kwenye utepe, mkatafuta, mkatafuta, mkaona tambara. Hilo pindo lilikuwa pipani. Likafungwa kwenye mikono miwili likashinda mbio. Shuka gani lenu lingine limewahi kushinda kitu?

Unapenda watu wanaotutia moyo. Hata mimi. Ila mimi nimegundua kitu, na nakupa bure. Mtu anayekutia moyo kweli anakusumbua. Dada ananisumbua mimi. Tangu niione ile picha nzima, anavyomtazama Bingwa badala ya utepe, nimeshindwa kumuuzia mtu raba yenye soli iliyogundishwa kwa gundi ya karatasi. Nilikuwa nayo pea sita. Nimezitupa. Hiyo ndiyo hasara ya kutiwa moyo. Je, wewe bango lako limekutupisha nini?

Haya, sikuja kulia. Mimi mtu wa biashara, na mtu wa biashara haondoki bila kuweka kitu mezani. Sikiliza dili langu.

Jumamosi tarehe 29 mko uwanjani, siku yenu ya michezo. Bingwa atakuwepo na kamba yake, ile ile mnayoidai. Mbele ya wafanyakazi wako wote, wewe utafungwa macho. Kitambaa utachagua mwenyewe, kiwe mali ya kiwanda, tusije tukagombana tena. Utafungwa kamba na mtu mmoja wa kukuongoza. Mtakimbia mzunguko mmoja tu wa uwanja. Mmoja! Siombi ishirini na moja, hiyo si dharura. Pale penye kona ya mwisho nitapita na baiskeli. Nitapita pole pole, nina watoto wa watu wa kuwauzia viatu.

Ukimaliza mzunguko bila kusimama, bila kuanguka, na bila huyo anayekuongoza kuivuta kamba, basi umeshinda. Nitakuja kufua mashuka yenu mwezi mzima bila malipo, nikiwa nimefunga mdomo kwa plasta, na watu wa soko langu watakuja kwa zamu kuona ajabu hiyo. Na lile neno langu jekundu nitalifuta kwa ulimi.

Ukishindwa, dada yangu anarudi kwenye pasi yake Jumatatu asubuhi, na picha nzima inapanda getini. Wenzake wanajua ilipo. Imekunjwa vizuri.

Sharti ni moja tu: anayekuongoza awe mfanyakazi wako. Yeyote unayemtaka. Mchukue msimamizi, anayejua migongo ya watu. Mchukue karani aliyeweka kikombe. Mchukue dereva wako. Fikiria vizuri, Meneja. Fumba macho sasa hivi hapo ofisini, simama, piga hatua tano, halafu ujiulize katika watu wote wa kiwanda chako ni nani unayeweza kumpa mkono wako ukakimbia.

Mimi namjua mmoja. Na wewe unamjua, umeshapita chini ya mkono wake mara nyingi. Hukatazwi kumchagua. Mwenyewe nimemuuliza, amesema ukimchagua atakufikisha, na kamba hutaisikia, hata kama mimi nitafua mashuka mwezi mzima kwa ajili hiyo. Ndivyo alivyo.

Lakini masharti ni masharti: awe mfanyakazi wako. Kwa hiyo kama unataka kushinda, itabidi umrudishe kazini kwanza.

Jaribu hizo raba. Zikikubana, nijulishe kabla ya Ijumaa, jibu uliweke kwenye kiatu cha kushoto.

Soli, mdogo wake mwenye mkono